Msafara uliokutwa njiani

Khutba ya Ijumaa. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Karatasi hii isitupwe chini, ina jina la Allah ndani yake.

Bismillah. Tunamsifu Allah (s.w.), tunamwomba msaada na msamaha, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu Waislamu! Ninajiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha nyinyi, kumcha Allah kwa siri na kwa wazi, msikitini na kwenye depo, mbele ya watu na mbele ya mizani.

Juma tatu zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja mchimbaji aliningoja pale tunapotawadhia. Watu walipokwisha toka akaniuliza: “Sheikh, mimi ni mwizi?” Nikamwambia anieleze. Akasema kwamba yeye na wenzake wa shimo walipokea mchele, maharagwe na mafuta ya pompi kwa mnunuzi mmoja, kwa sharti kwamba kila jiwe litakalotoka atauziwa yeye peke yake, na bei ataisema yeye. Siku ya kupima, mnunuzi akasema bei imeanguka London, akakata. Mara ya pili akasema tena London imeanguka, akakata. Mara ya tatu kijana akachukua kilo kumi usiku, akamwuzia mtu mwingine aliyempa zaidi. Tangu siku ile, anasema, akisimama kuswali hajui anasema nini.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia arudi Jumatatu, kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko kilo kumi. Na khutba ya leo ndiyo jibu nililompa, na mengine niliyoyawaza baadaye.

Ndugu zangu, jambo ambalo redio zinaliita mondializasioni, na jirani zetu wa Tanzania wanaliita utandawazi, maana yake ni kwamba soko la dunia limekuwa kama soko moja. Jiwe linachimbwa Kalima au Punia, linatoka kwa migongo ya watu na kwa pikipiki, linapita kwenye komptuari, linavuka mipaka hadi bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, linapanda meli kwenda kuyeyushwa Asia. Kasiteriti yetu inakuwa bati, na karibu nusu ya bati yote ya dunia ni ya kulehemu: ndiyo inayoshika vipande vidogo vidogo ndani ya simu na redio. Kisha simu ile inarudi huku ndani ya kontena, na kijana aliyechimba jiwe anainunua sokoni. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 juu ya meli moja kutoka Newark kwenda Houston, na watu wachache sana walijali. Leo hata sabuni tunayonawia imepita ndani ya sanduku la namna ile.

Je, jambo hili ni baya? Wako wanaosema kutoka juu ya mimbari kwamba biashara ya dunia ni mtego wa makafiri, tukae mbali nayo. Mimi sisemi hivyo, na sidhani dini yetu inasema hivyo. Maquraysh walikuwa watu wa bonde lisilo na shamba, wakaishi kwa safari mbili za mwaka, ya baridi kwenda Yemen na ya joto kwenda Sham, na Allah ameitaja safari hiyo katika Sura Quraysh kuwa ni neema inayodai shukrani. Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.), mama mwenye biashara kubwa, na uaminifu wake katika safari ile ndio uliomvuta Bibi Khadija kutaka ndoa naye. Na Uislamu wenyewe uliingia Maniema kwa njia ya misafara kutoka pwani, ijapokuwa misafara ile ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, na hilo tusilifiche. Barabara ni moja: hupitisha Qurani na hupitisha dhuluma.

Wenye elimu ya uchumi nao wamegombana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwishoni mwa 1999 watu kwa maelfu walijaza njia za Seattle, Marekani, kupinga mkutano wa shirika la biashara la dunia. Joseph Stiglitz, aliyekuwa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia, alitoa kitabu mwaka 2002 kulaumu namna mataifa maskini yalivyolazimishwa kufungua milango haraka. Mwaka 2004 Jagdish Bhagwati, mzaliwa wa India, alitoa chake kuitetea biashara ya dunia. Wote wawili walikuwa walimu wa chuo kimoja, Columbia, mjini New York. Anayetetea atakuonyesha China, ambako Benki ya Dunia inahesabu watu karibu milioni 800 waliotoka katika umaskini mkubwa kwa muda wa miaka 40. Anayelaumu atakuonyesha viwanda vilivyozimwa na vitenge vya bei ndogo kutoka Asia. Mama anayenunua kitenge hicho anashukuru. Baba aliyefukuzwa kiwandani analia. Na pengine wanalala nyumba moja.

Sisi hapa hatukungoja vitabu. Wazee wetu wanakumbuka SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema. Ilikuwa na hospitali, na shule, na mishahara. Huko mbali lilikuwako baraza la nchi zinazouza bati na nchi zinazolinunua, kazi yake kununua bati la ziada ili bei isishuke. Tarehe 24 Oktoba 1985 baraza hilo likaishiwa fedha, na soko la madini la London likasimamisha biashara ya bati. Bei ikaanguka hata chini ya nusu. Hakuna mfanyakazi hata mmoja wa Kalima aliyekosa kazini siku hiyo. Hakuna aliyeiba. Lakini kampuni ikaanza kufa, ikapunguza watu, ikawaachia mashimo wachimbe wenyewe kwa mikono na kuiuzia jiwe, hata ikafungwa kabisa mwaka 1997. Watoto wa wafanyakazi wale ndio wachimbaji wa leo.

Tena mwaka 2010. Mwezi wa Julai Rais wa Marekani alitia sahihi sheria, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichotaka kampuni za huko ziseme kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao vinatoka Congo au kwa jirani zake, na kama vimewalisha wenye bunduki. Watu wetu waliiita Sheria ya Obama. Nia yake ilikuwa njema, na mimi siwezi kumlaumu mtu asiyetaka simu yenye damu. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi kutukimbia kuliko kuchunguza. Mwezi wa Septemba serikali yetu nayo ikafunga uchimbaji wote wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Mnakumbuka miezi ile. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Baadaye zikaja etiketi za kufunga kwenye magunia, na gharama yake, kama gharama nyingine zote, inashuka, inashuka, mpaka inamfikia yule aliye ndani ya shimo.

Basi ndugu zangu, ukiangalia mambo haya yote utaona jambo moja. Mchimbaji haonewi kwa sababu soko liko mbali. Sham ilikuwa mbali na Makka. Anaonewa kwa sababu yeye peke yake katika msafara wote hajui bei.

Na hapa Mtume wetu (s.a.w.) ametutangulia kwa miaka 1400. Katika masoko ya Arabuni watu wa vijijini na wa jangwani walileta bidhaa zao mjini kwa ngamia. Wajanja wa mjini walitoka nje, wakaukuta msafara njiani kabla haujafika, wakawaambia wenye mali, soko ni baya, tuuzieni hapa hapa. Mtume (s.a.w.) akakataza kuukuta msafara njiani. Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyo katika Sahihi Muslim akaweka haki: mwenye mali akifika sokoni ana hiari, ama kuiacha biashara ile isimame ama kuivunja. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kwamba hiari hiyo anayo anapogundua ameuza chini ya bei ya mji. Tazameni hekima yake! Hakusema msinunue kwa watu wa mbali. Hakupanga bei; watu walipomwomba apange bei Madina ilipokuwa ghali, alikataa akaogopa kudhulumu. Alichokataza ni mtu mmoja kujua bei na mwenzake kufichwa, halafu tukaiita biashara ya hiari.

Ninyi wanunuzi mlio katika safu hizi, nataka nisiwaonee. Mmoja wenu alinikaribisha chai na kunionyesha hesabu, na nilijifunza. Tufanye mfano tu, si bei ya leo: kama bati ni dolari 30,000 kwa tani, kilo moja ya bati ni dolari 30. Lakini jiwe si bati. Jiwe zuri la sehemu 65 katika mia lina bati la dolari 19 na nusu. Humo mtoe kuyeyusha, meli, lori, kodi za serikali, etiketi, komptuari, wabebaji, na barieri za njiani ambazo risiti zake hazisomeki. Na bei inaweza kugeuka mawe yakiwa bado njiani. Mwezi wa Machi 2022 bati lilipita dolari 45,000 kwa tani London. Kabla mwaka kwisha lilikuwa chini ya 20,000. Aliyenunua kwa bei ya Machi alilia kweli, na wengine walifilisika. Faida inayotokana na kubeba hatari hiyo, na kulala njiani, na kulinda mali, ni halali tena ni ya jasho.

Lakini kama ni hivyo, kwa nini hesabu hiyo niliiona mimi kwenye chai, na mchimbaji hajawahi kuiona? Mnunuzi ana mizani, ana kipimo cha kupima jiwe ndani ya maji na nje ya maji ajue uzuri wake, ana simu ya kusoma bei ya London kila asubuhi. Mchimbaji ana macho tu. Ukimwambia London imeanguka na London haijaanguka, umeukuta msafara njiani, hata kama uko umeketi ndani ya depo yako na bendera juu. Jumatatu ile kijana aliporudi, mpwa wangu alifungua simu yake tukatazama. Katika zile siku mbili za kwanza alizokatwa, siku moja ni kweli, bei ilikuwa imeshuka kidogo. Siku ya pili ilikuwa imepanda.

Sura Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwatisha wale wanaojipimia wenyewe kipimo kamili na kuwapimia wengine pungufu. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wabaya sana kwa vipimo Mtume (s.a.w.) alipofika kwao, na sura hii ilipowajia walijirekebisha. Walikuwa waumini, ndugu zangu, walikuwa watu wa kumpokea Mtume. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba anayeswali safu ya kwanza hawezi kuwa na mizani yenye ugonjwa.

Sasa, ule mchele na mafuta ya pompi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hawaoni kosa. Kumkopesha mchimbaji ni wema, na bila mkopo mashimo mengi yasingechimbwa. Lakini maulamaa wetu wamesema mkopo uliowekewa sharti la kumletea manufaa mkopeshaji unaingia katika riba. Ukimkopesha mtu mchele wa dolari 50, haki yako ni dolari 50. Ukisema, nilipe dolari 50 na tena uniuzie mimi tu kwa bei nitakayosema mimi, ile tofauti kati ya bei yako na bei ya mji ndiyo riba, hata kama neno riba halikuandikwa kwenye daftari. Wapo wanaoogopa benki kwa sababu ya riba, na wana riba kwenye magunia. Anayetaka faida ya halali aingie ubia na shimo: alete mafuta na chakula, wagawane mazao kwa sehemu waliyoandikiana, na shimo likikosa, naye akose. Hiyo dini inaikubali. Nimewauliza wanunuzi wawili kwa nini hawafanyi hivyo. Mmoja alisema wachimbaji wataficha mawe. Huenda ni kweli, wako wanaoficha. Na wengine wanaweka mchanga mweusi na vyuma ndani ya gunia ili lipande uzito. Wachimbaji, hilo pia ni kosa la mizani, msifikiri sikulijua.

Nilimjibu kijana hivi. Deni lako ni deni, ulilipe lote kwa thamani ya ulichopokea, usipunguze hata franga moja. Lile sharti la bei halikufungi mbele ya Allah. Lakini kuuza usiku hakukuwa sawa, kwa sababu ulikuwa umempa mtu neno lako. Nenda ukamweleze. Akaniambia, “Sheikh, nikienda peke yangu sitarudi na meno.”

Hapo nikakumbuka mapatano ya Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alileta mali Makka, akamwuzia al-As bin Wail, bwana mkubwa wa Kiquraysh, naye akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na kabila la kumtetea mjini. Akapanda mlima Abu Qubays akapiga kelele Maquraysh wakiwa karibu na Al-Kaaba. Watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud’an, wakaapa kwamba atakayedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka apate haki yake. Muhammad (s.a.w.) alikuwapo, kijana, utume haujamjia bado, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale angeitikia. Angalieni: aliyedhulumiwa alikuwa mfanyabiashara wa nchi nyingine, na waliomtetea hawakuwa Waislamu.

Basi wazee watatu wa jumuiya walimsindikiza kijana. Mnunuzi alikasirika sana mwanzoni. Kisha walihesabu pamoja, deni likalipwa, na kilo zile kumi zikasamehewa. Mnunuzi akasema pia kwamba kijana huyu hatapata tena mkopo kwake, na amelishika neno hilo. Leo kijana anabeba mizigo ya wengine, anapata kidogo kuliko zamani. Sitawaambia kwamba alitajirika kwa kusema kweli. Mnunuzi yule naye bado anaswali hapa, leo yumo kati yetu, na ninamshukuru kwa kuja.

Niseme na hili, kwa sababu mtalisikia nje. Rafiki yangu mmoja alinionya: “Sheikh, mabati ya msikiti huu yamenunuliwa na nani?” Ninajua. Nilihesabu mabati hayo mwenyewe yalipofika. Usiku ule sikulala vizuri, na karatasi hii ilichelewa Ijumaa moja kwa sababu ya swali lile. Mwisho nikaona kwamba aliyetoa mabati kwa ajili ya Allah hakununua ulimi wangu, na kama alinunua, basi aje tumrudishie.

Wakubwa nao wanatafuta njia yao ya kusema juu ya bei. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza nje kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yote yanayochimbwa duniani yanatoka kwa ndugu zetu wa upande wa Kolwezi, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Na tangu Oktoba mwaka huo ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Kama itafaulu au itawaumiza wachimbaji wadogo tena, kama mwaka 2010, wachumi wanabishana. Sisi hatuna mkono wa kufika London wala Kinshasa. Tuna mkono wa kufika ukuta wa msikiti huu.

Kwa hiyo baraza la wazee limekubali mambo yafuatayo, nayo yanaanza Jumamosi. Ubao mweusi wa darasa la madrasa utatundikwa nje, upande wa njia, ambapo Mkristo na Mwislamu wote wanapita. Kila asubuhi baada ya sala ya Alfajiri vijana wawili wanaosoma hesabu wataandika bei ya bati ya London ya jana, kwa tani na kwa kilo. Pembeni wataandika gharama ambazo wanunuzi wenyewe watakubali kuzitaja. Wawili wamekwisha kubali, na majina yao hayatatangazwa mpaka waseme. Mizani ya msikiti, ile ya kupimia zaka ya mchele, itakuwa wazi kwa kila mtu anayetaka kupima gunia lake kabla ya kulipeleka depo, bila malipo. Anayeona ubao umekosea aje kwangu mchana, asiufute usiku.

Anayetaka kuchangia chaki, aonane na mhazini mlangoni. Ninasema maneno yangu haya na ninamwomba Allah anisamehe mimi na nyinyi nyote. Nyosheni safu. Aqimi-s-salaat.